Nimpikieje shemeji wali wa kwao wa nyama na mboga kwa mchele wa Kyela?

MpishiUyole

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na walionitangulia kwa umri nawaambia shikamooni. Ninaishi Uyole, Mbeya, na kazi yangu ni kupika katika shughuli: ndoa, kipaimara, misiba na vikao vya kanisa. Pilau, wali wa nazi na ndizi nyama nimevipika kwa miaka mingi na wateja wangu hunirudia, lakini mwezi huu nimekutana na pishi ambalo limenishinda mara mbili mfululizo, na siku zinakwisha.

Mdogo wangu wa kike ameolewa na kijana wa Senegal, mzaliwa wa Saint-Louis, na mwezi ujao wanakuja nyumbani kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa. Mama yetu, ambaye hajawahi kumwona mkwe wake ana kwa ana, ametoa agizo moja tu: siku ya kwanza mgeni ale chakula cha kwao kilichopikwa na mikono ya nyumba hii, ndipo siku zinazofuata tumwonjeshe ndizi zetu. Mdogo wangu alinitajia jina la chakula hicho kwa simu nikaliandika nilivyolisikia, "chebu yapi", akanieleza kwamba ni wali unaopikwa katika sufuria moja pamoja na nyama na mboga kubwa kubwa zisizokatwakatwa. Yeye mwenyewe hajui kuupika, kwa kuwa kwao mama mkwe ndiye mwenye jiko.

Nilitafuta maelezo kwenye intaneti, nikapata mapishi ya wali mwekundu wa Afrika Magharibi nikayafuata. Mara ya kwanza nilikaanga vitunguu na nyama, nikamimina nyanya nyingi zilizosagwa pamoja na nyanya ya kopo, nikaweka karoti, kabichi na biringanya, kisha kilo moja ya mchele wa Kyela na maji kama ya pilau. Ukawa bokoboko lenye ladha ya uchachu. Mara ya pili nilipunguza maji, na matokeo yake mchele wa juu ulibaki na kiini kigumu huku wa chini ukiungua, na kabichi ilikuwa imesambaratika yote.

Ninaomba mnisaidie katika mambo haya. Mchele wa Kyela unafaa kwa pishi hili, au nitafute mwingine? Nyanya ziwe kiasi gani? Mboga hupikwa pamoja na mchele au hutolewa? Tutakuwa watu 40 hivi. Shemeji ni Mwislamu, kwa hiyo mbuzi atachinjwa na jirani yetu Mwislamu, na hilo nimeshalipanga.

BintiGangilonga

Dada MpishiUyole, salamu kutoka Iringa. Niliishi Dakar miaka sita kwa sababu ya kazi ya mume wangu, na chakula unachokiulizia nilifundishwa na mama mwenye nyumba wetu, ambaye hakuniruhusu kuwapikia wageni mpaka yeye mwenyewe aliporidhika na mkono wangu. Nitaandika kwa kirefu, maana naona kosa lako si la mkono bali la maelezo uliyoyafuata.

Kwa Kiwolofu chakula hicho huandikwa ceebu yàpp, na herufi c husomwa kama "ch" yetu. Ceeb ni mchele, yàpp ni nyama. Ndugu yake mashuhuri ni ceebu jën, yaani wali wa samaki, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Chimbuko la huo wa samaki linatajwa kuwa ni jamii za wavuvi wa Saint-Louis, huko huko alikozaliwa shemeji yako, na Wasenegali husimulia kwamba mwanamke mpishi aliyeitwa Penda Mbaye ndiye aliyeupa sura yake ya sasa. Kwa hiyo mgeni wako anatoka penye chungu chenyewe, na atatambua mara moja ulichompikia.

Mapishi uliyoyakuta kwenye intaneti, kwa jinsi unavyoyaeleza, ni ya jollof ya Nigeria au Ghana. Ni chakula kizuri cha ukoo huo huo, lakini sicho alichokutajia mdogo wako. Wali wa nyama wa Senegal kwa kawaida ni wa kahawia, si mwekundu. Wapo wanaotia nyanya ya kopo kijiko kimoja au viwili, na wapo wengi wasiotia kabisa, kwa sababu rangi na ladha hutoka kwenye nyama iliyokaangwa mpaka ikashika wekundu wa moto na kwenye vitunguu vilivyoiva nayo. Ule mwekundu unaosifika ni wa samaki. Ukilifikiria hivyo utaona kwamba pishi hili liko karibu zaidi na pilau yako kuliko na kile ulichojaribu, isipokuwa halina bizari ya pilau, iliki wala mdalasini. Viungo vyake ni kitunguu saumu, pilipili manga, pilipili mbichi na haradali.

Sasa mchele, na hapa ndipo penye jambo ambalo huenda likakushangaza. Mchele wa heshima katika pishi hili ni chenga. Wafaransa walipokuwa wakiitawala Senegal waliwasukuma wakulima walime karanga kwa ajili ya kuuza nje, na pengo la nafaka wakaliziba kwa kuingiza mchele uliovunjika kutoka makoloni yao ya Indochina, kwa kuwa ulikuwa rahisi. Wapishi wa kule wakaujulia mchele huo, wakagundua kwamba chembe iliyovunjika hunywa mchuzi kuliko chembe nzima, na leo mama wa Dakar huulizia chenga hata pale anapoweza kununua mchele mzima. Nilipompikia mwenye nyumba wangu kwa mchele mrefu wa bei kubwa, aliula kwa adabu, kisha akaniambia kwamba mchuzi umebaki nje ya mchele.

Chenga hazitupwi kwenye maji moja kwa moja, la sivyo zitageuka uji. Hupikwa kwanza kwa mvuke. Osha chenga mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, zichuje, ziache zipumue kwa dakika kumi, kisha zipake mafuta kijiko kimoja kwa kila kilo. Ziweke katika chujio kubwa juu ya ile sufuria ambayo nyama inachemka, uzibe mwanya kati ya chujio na sufuria kwa kitambaa kilicholowa, ufunike. Baada ya dakika 20 hivi zigeuze kwa mwiko, uzinyunyizie maji kidogo, uzirudishe kwa dakika 10 nyingine. Zikitoka hapo zimeiva nusu, kila chembe imesimama peke yake, na hapo ndipo zinapokuwa tayari kunywa mchuzi bila kuvurugika.

Mpangilio wote uko hivi. Kata nyama vipande vikubwa, uipake chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu kilichotwangwa na haradali, uiache kwa saa moja. Ikaange katika mafuta ya kutosha, vipande vichache vichache ili visitoe maji, mpaka vishike rangi kila upande. Tia vitunguu vingi, endelea kukaanga mpaka vilegee na kuwa vya kahawia, ndipo utie maji yatakayozidi nyama vizuri. Nyama ikikaribia kuiva, tumbukiza mboga: karoti nzima, kabichi iliyokatwa robo robo na kuachwa na kikonyo chake ili majani yasiachane, biringanya, muhogo ukiupata, na ngogwe. Ndiyo, ngogwe hizi hizi za kwetu. Wasenegali huziita jaxatu na mara nyingi huziweka katika wali wa samaki, lakini hata kwenye wa nyama hazimkoseshi mtu raha, na shemeji yako akiziona atajua ametambuliwa. Pilipili mbuzi itumbukizwe nzima na isipasuke.

Kila mboga itoe inapoiva, usingoje nyingine. Karoti na muhogo vitakawia, ngogwe na biringanya vitatangulia. Weka mboga na nyama pembeni katika bakuli lenye mfuniko pamoja na mchuzi kidogo. Kabichi yako ilisambaratika kwa sababu iliiva pamoja na mchele mpaka mwisho.

Onja mchuzi uliobaki. Uwe na chumvi inayozidi kidogo ile unayoipenda, kwa kuwa mchele utaimeza. Mimina chenga zilizoivishwa kwa mvuke. Mchuzi usimame juu ya mchele kwa nusu pingili ya kidole tu, na unaozidi uchote uuhifadhi. Funika, punguza moto, palia makaa kwenye mfuniko, geuza mara moja tu katikati ya safari.

Jambo la mwisho ni la mahali. Dakar iko usawa wa bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi na maji huchemka karibu na nyuzi 94. Ndiyo maana ule wa juu ulibaki na kiini: mvuke wa kwetu una joto dogo, na mfuniko ukiwa umelegea hata hilo dogo linapotea. Nyama ya mbuzi ipe saa moja na nusu au zaidi, na usiruhusu mtu afunue sufuria kila mara kutazama.

MkoboajiIgurusi

Mama, dada aliyetangulia amesema kweli tupu kuhusu chenga, nami nimefurahi kuisoma, kwa kuwa kazi yangu ni mashine ya kukoboa mpunga hapa Mbarali na kila siku naona watu wanavyozidharau. Kwetu chenga ni za uji, vitumbua na kuku, na mteja akiziona nyingi ndani ya kilo yake huona ameibiwa. Nitakueleza namna ya kuzinunua, maana si chenga zote zinafaa.

Usichukue zile za mwisho kabisa ambazo zimechanganyika na pumba na unga. Mashine zenye chekeche za kutenganisha hutoa chenga kubwa, ambazo ni nusu chembe hivi, na chenga ndogo, ambazo zinakaribia kuwa unga. Omba chenga kubwa, na ukifika nyumbani uzipepete kwenye ungo na kuzichekecha tena ili vumbi la wanga litoke lote, kwa kuwa vumbi hilo ndilo linalogandisha chakula. Zichague mawe kwa makini kuliko mchele mzima, kwa sababu jiwe na chenga hulingana ukubwa na jicho hudanganyika.

La pili ni umri wa mpunga. Wewe hukusema mchele wako wa Kyela ulivunwa lini, lakini kwa jinsi ulivyogeuka bokoboko naamini ulikuwa wa mavuno ya juzi. Mpunga mpya bado una unyevu, chembe yake ni laini, na ikipata maji mengi huachia wanga haraka. Mchele uliotokana na mpunga uliokaa ghalani miezi sita na kuendelea hunywa maji mengi zaidi, huongezeka sufuriani na haushikani. Mwulize muuzaji wako Mwanjelwa kama anao wa msimu uliopita. Wazuri watakuambia ukweli, na wengi huuza wa zamani kwa bei ya juu kidogo kwa sababu hiyo. Harufu ya Kyela hupungua unapokaa, lakini katika chakula chenye nyama, saumu na haradali, harufu hiyo si ya kuililia.

Chenga nazo ni hivyo hivyo. Ukipata za mpunga wa zamani, uwe ni wa Saro, wa Supa au wa Kyela wenyewe, utakuwa umepata kitu.

Ninaomba unisamehe kwa kuligusa na hili. Kati ya hao watu 40, mgeni ni mmoja. Waliobaki ni watu wa Mbeya, nao wakiona chenga sahanini kwenye sherehe ya mkwe wanaweza kusema nyumba imebana matumizi. Mama yako atayasikia maneno hayo, si wewe. Kama una wasiwasi, pika sufuria mbili, moja ya chenga na moja ya mchele mzima wa zamani, kwa mchuzi ule ule.

MsafiriMwanjelwa

Nawasalimu wote. Nakubaliana na mengi, ila naomba kuitetea nyanya, kwa kuwa isije ikaonekana kwamba ndiyo iliyoharibu chakula cha dada yetu. Nilifanya kazi Lagos kwa miaka mitatu na nimekula jollof ya sherehe za kule, ile inayopikwa kwa kuni na kutoka na harufu ya moshi, na nyanya ndiyo roho yake. Kilichoharibika Uyole ni kwamba nyanya zilimiminwa mbichi na mchele ukafuata kabla hazijaiva.

Wapishi wa Lagos husaga nyanya, pilipili hoho nyekundu, pilipili kali na kitunguu, kisha huchemsha rojo hiyo peke yake mpaka maji yakauke, ndipo huikaanga katika mafuta pamoja na nyanya ya kopo, kwa nusu saa au zaidi, mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu. Uchachu wote huishia hapo. Baadaye hutia unga wa kari, thaimu na supu ya nyama, kisha mchele. Na mchele wao ni ule uliochemshwa ukiwa bado na maganda, ukakaushwa, ndipo ukakobolewa. Mpunga ukipitishwa katika moto namna hiyo wanga wake huiva na kukaza tena, chembe hupata rangi ya manjano hafifu na kuwa ngumu, kwa hiyo huvumilia rojo zito la nyanya bila kuvunjika. Faida nyingine ni kwamba sehemu ya vitamini za B zilizo kwenye pumba huhamia ndani ya chembe kabla pumba haijaondolewa. Mchele wa Kyela haukupitia njia hiyo, ndiyo maana ukiutia katika rojo zito la nyanya wa chini utaungua kabla wa juu haujapata maji.

Kuhusu jina, jollof lenyewe linarudi Senegal. Linatokana na Jolof, dola ya Wawolofu iliyotawala sehemu za Senegal na Gambia ya leo mpaka iliposambaratika mwaka 1549 baada ya vita vya Danki. Pishi lilivyosafiri kuelekea mashariki kila nchi ililigeuza kwa vitu vyake: Waghana wakapenda mchele wa kunukia, Waliberia wakachanganya nyama za aina mbili tatu pamoja na mboga, na katika nchi zinazozungumza Kifaransa kama Burkina Faso na Côte d'Ivoire huitwa riz gras. Nyanya yenyewe ilitoka Amerika, kwa hiyo hapo zamani sana hapakuwa na wali mwekundu. Lakini mchele ulikuwepo. Afrika Magharibi ina aina yake ya asili ya mpunga, iliyoanza kulimwa kwenye mabonde ya mto Niger miaka 3,000 hivi iliyopita, tofauti kabisa na huu wa Asia tunaolima sisi Kyela na Usangu. Jambo hili hunipa heshima kubwa kwa wapishi wa kule. Hawakuanza kuujua wali jana.

Kwa mahitaji yako, dada, mfuate BintiGangilonga. Mtu wa Saint-Louis apikiwe cha Saint-Louis. Lakini siku nyingine ukitaka wali mwekundu, Ilula kuna nyanya za kutosha. Zikaange mpaka mafuta yaelee.

BintiGangilonga

Kaka MsafiriMwanjelwa, nakubali kabisa, na nashukuru kwa kulieleza suala la mchele uliochemshwa na maganda, ambalo mimi sikuligusa. Naongeza kwa dada MpishiUyole kwamba hata ukiamua kutia nyanya ya kopo ile kidogo, ikaange na vitunguu mpaka iwe na rangi ya tofali, usiitie baada ya maji.

Kwa watu 40 mimi ningepika kilo sita za mchele na kilo saba za nyama yenye mifupa, lakini si katika sufuria moja. Kilo sita za chenga zikilundikana, zile za chini zitapondwa na uzito. Gawa sufuria mbili za kilo tatu tatu. Kwa hiyo lile shauri la MkoboajiIgurusi la sufuria mbili linafaa kwa sababu mbili. Kumbuka tu kwamba mchele mzima hauhitaji mvuke wa muda mrefu kama chenga, na mchuzi wake uzidi kidogo, kiasi cha pingili nzima ya kidole.

MpishiUyole

Ndugu zangu, nimerudi. Jana nilijaribu kwa kilo moja ya chenga kubwa nilizozipata kwa muuzaji wa Mwanjelwa, ambaye aliniuliza nina kuku wangapi. Nilizichekecha mara mbili na vumbi lililotoka lilijaza kikombe. Nilipika kwa mvuke juu ya nyama kama nilivyoelekezwa, na nilipoingiza mkono baada ya nusu saa nilikuta chembe zimeachana kama mtama. Sikuamini mpaka nilipozimimina kwenye mchuzi na kuzipalia.

Zimetoka za kahawia, zimeshiba mchuzi, hakuna bokoboko. Kabichi imebaki robo zake. Nyama ilichukua saa moja na dakika 40 kulainika, kwa hiyo lile la mwinuko nimelithibitisha kwa jiko langu. Kosa moja nimeliona: mchuzi ulikuwa na chumvi niliyoipenda mimi, na mchele ulipoimeza chakula kikapooza, kwa hiyo siku yenyewe nitaizidisha.

Mama alionja akanyamaza, akaomba aongezewe. Nilimweleza habari za chenga na maneno ya watu, na jibu lake lilikuwa kwamba kama mkwe wake kwao anaheshimiwa kwa chenga, basi sufuria zote mbili ziwe za chenga, na yeye ndiye atakayesimama mbele ya wageni na kuwaeleza ni chakula gani. Nami nimeridhika na uamuzi wake.

Chini ya sufuria palishika ukoko mwekundu mzuri, na mama aliukwangua wote kwa kijiko. Je, kwao ukoko huliwa au utaonekana ni uzembe wa mpishi? Na la mwisho: chakula kinapangwaje mezani? Sipendi kumpakulia kwenye sahani kama kwenye harusi ikiwa kwao si desturi.

BintiGangilonga

Dada, umenifurahisha sana. Ukoko unapendwa kule kama unavyopendwa kwetu, huitwa xooñ, kwa masikio yetu "khonyi", na watoto hugombania. Ukwangue, uuweke kwenye kisahani peke yake kando ya chakula, pamoja na vipande vya ndimu. Mwenye kupenda atakamua ndimu juu ya wali wake mwenyewe, kwa hiyo wewe usiitie jikoni.

Kuhusu kupakua, familia hula katika bakuli moja kubwa la mviringo lililowekwa chini kwenye mkeka, na kila mtu hula upande wake ulio mbele yake bila kuvuka kwa jirani, kwa mkono wa kulia au kijiko. Wali hutandazwa kwanza, kisha nyama na mboga hupangwa katikati. Kwa watu 40 tafuta masinia sita au saba, kila moja lihudumie watu sita hivi, na la mgeni likae na wazee wa nyumba. Mboga hazigawanywi jikoni. Mwenye nyumba aliyekaa kwenye sinia ndiye anayevunja karoti, ngogwe na nyama kwa vidole na kusogeza vipande upande wa kila mlaji, akianza na mgeni, tena vile vizuri zaidi. Mgeni hajichukulii katikati, husogezewa.

Mweleze mama jambo hili mapema, na kama desturi za nyumba yenu zinamruhusu kukaa sinia moja na mkwe wake, basi mkono huo uwe wake. Kama haziruhusu, shangazi au wewe mwenyewe unaweza kukaa hapo, na mama akatuma kile kisahani cha ukoko kimfikie mkwe kutoka kwake.